Karatasi ya Bomani

Nyumbani kwetu ni Ramadhani. Nikisema hivyo hapa chuoni watu hudhani nimekosea sentensi, kwamba nilitaka kusema nimezaliwa mwezi wa Ramadhani. Hapana. Ramadhani ni kata, iko Njombe mjini, na asubuhi za mwezi wa saba kuna baridi ambayo mtu wa Dar akiionja anauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Nina miaka 22, nasoma ualimu, nitafundisha Historia na Kiswahili Mungu akipenda. Makala hii inahusu jengo la zamani lililoko katikati ya mji wa Iringa, lile ambalo wengi wetu tunalipita tukienda sokoni bila hata kuligeukia. Lakini siwezi kulielezea bila kwanza kueleza jinsi nilivyolifikia, na nililifikia kwa sababu ya herufi moja.

Wenzangu wa mwaka wangu wanaikumbuka Novemba ile tukiwa mwaka wa kwanza. Bumu lilitoka Ijumaa jioni. Bwenini kukawa kama kuna harusi: chipsi kuku, muziki, watu wanalipana madeni huku wanacheka. Mimi nilijifunika blanketi nikajifanya nina malaria. Jina langu halikuwepo.

Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Cheti chake cha kifo kilitoka katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, na karani aliyekiandika aliweka L mahali ambapo jina la ukoo wetu lina R. Kwetu hilo ni kosa jepesi. Bibi yangu mzaa mama ukimwambia aseme “rudi” atasema “ludi”, na anaelewana na watu vizuri tu. Tena siku za msiba nani anakagua herufi? Cheti kilikunjwa, kikawekwa ndani ya Biblia ya mama, maisha yakaendelea. Miaka minne baadaye nilipoomba mkopo, karatasi zangu zikagongana. Cheti changu cha kuzaliwa kilisema baba yangu ni yule wa R. Cheti cha kifo kilisema aliyekufa ni yule wa L. Kwa hesabu za karatasi, baba yangu alikuwa hai, na kuna marehemu mwingine huko ambaye hanihusu. Maombi yakarudi.

Mama alikwenda kwenye ile ofisi iliyotoa cheti mara mbili. Mara ya kwanza mhusika alikuwa semina. Mara ya pili mtandao ulikuwa chini. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe, nikapanda basi Iringa alfajiri, nikabadilisha Makambako, nikafika Njombe nimechelewa nusu saa tu kabla hawajafunga. Niliambiwa nilete ushahidi kwamba baba yangu ndiye baba yangu. Yule kijana wa dirishani hakuwa mkali, alisema kwa upole kabisa. Nadhani ndiyo maana nililia njiani na sikulia pale.

Jioni hiyo bibi alinipikia viazi, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: “Mjukuu wangu, bomani hawaendi watu. Zinaenda kalatasi.”

Wazee wa kwetu hawasemi “serikali” wala “halmashauri”. Wanasema bomani. Mtu ameitwa bomani, kesi imefika bomani, fulani kafunga ndoa ya bomani. Baba yake bibi alikuwa mmoja wa Wabena wengi walioondoka kwenda kukata mkonge Tanga ili kupata fedha ya kodi ya kichwa. Bibi alikua akijua kwamba likitajwa boma, kuna mtu nyumbani atapungua. Hajui kusoma. Kwake boma ni mahali ambapo watu wengine wanajua kitu juu yako ambacho wewe mwenyewe huwezi kukisoma.

Nilirudi chuoni na maneno hayo. Wiki hiyohiyo mwalimu wa mbinu za kufundishia Historia akatupa kazi: kila mmoja achague jengo moja la kihistoria mjini, alieleze kama analifundisha kidato cha tatu. Wenzangu wenye nauli walifikiria mbali. Mimi nilichagua Boma la Iringa, na sababu haikuwa uzalendo. Kulifikia ni daladala moja tu, na mfukoni nilikuwa na hela ya daladala moja kwenda na moja kurudi.

Nikaanza na jina, kama tulivyofundishwa, na jina peke yake likanishangaza. Iringa linatokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Yaani boma. Kwa hiyo mji wote huu unaitwa Boma, na ndani yake kuna jengo linaloitwa Boma. Ila mabomaboma haya mawili hayakujengwa na mtu mmoja.

Lilinga la kwanza lilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka hapa, likiwa na ukuta wa mawe, makao ya Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mwaka 1896 Tom von Prince akaanzisha kituo cha jeshi juu ya mlima, mahali tulipo leo, wakachukua na jina lenyewe. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi Julai 1898, alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Tunaosoma chuo chenye jina lake tunajua hiyo habari, au tunajidai tunaijua.

Jengo tunaloliita Boma lilikuja baadaye. Wajerumani walilijenga mwaka 1914, na hawakulijenga kuwa ofisi. Lilikuwa hospitali ya jeshi. Ukilijua hilo, jengo linabadilika machoni. Nilikuwa nimeona kuta nene na matao nikasema moyoni, hawa jamaa walipenda kujionyesha. Nilipoambiwa ni hospitali nikaanza kuangalia upya. Ukuta mnene hautaki haraka: jua la mchana linachelewa kuingia, na baridi ya usiku wa Iringa nayo inachelewa kuingia. Baraza yenye matao inampa mgonjwa kivuli huku hewa inapita. Watu wa makumbusho wanalielezea kuwa ni mchanganyiko wa ujenzi wa Kijerumani na wa Kiswahili, na mimi nisiye na elimu ya usanifu nakubaliana nao kwa sababu moja: baraza naijua. Baraza ni kitu chetu. Mjerumani alikuta watu wa pwani wanajua kukaa na jua, akaiga.

Halafu fikirini mwaka wenyewe, 1914. Agosti ya mwaka huo vita ilianza Ulaya na kutufikia huku. Agosti 1916 Iringa ikaingia mikononi mwa Waingereza. Waliijenga hospitali wakaitumia kama miaka miwili tu! Waingereza wakalikuta jengo imara, lina vyumba, liko katikati, wakaingiza meza na mafaili. Hapo ndipo likawa boma kwa ile maana ya bibi: mahali pa kodi, kesi na vibali. Uhuru ulipokuja likabaki na kazi hiyohiyo, ofisi za wilaya, bendera tu ndiyo iliyobadilika. Njombe ilikuwa chini ya Mkoa wa Iringa hadi mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012, kwa hiyo karatasi nyingi za wazee wetu zina neno Iringa juu kabisa, hata kama wenye karatasi hawakuwahi kufika huku. Mwaka 2016 ofisi zikiwa zimeshahama, jengo likafunguliwa kuwa makumbusho, chini ya mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya. Hospitali, ofisi, makumbusho. Kuta ni zilezile.

Wala si Iringa peke yake. Boma la Arusha la mwaka 1900 leo ni makumbusho ya viumbe. Boma la Mikindani la mwaka 1895 ni hoteli, watalii wanalala pale ambapo watu wa kusini walikuwa hawapiti bila kuvua kofia. Lile Boma la Kale la Dar es Salaam, mkabala na bandari, ni la zamani zaidi, lilijengwa miaka ya 1866 na 1867 wakati wa Sultani Majid kwa ajili ya wageni wake, Mjerumani akalirithi, Mwingereza akalirithi, sisi tukalirithi. Ukiyapanga hivyo unaona tabia moja. Kila mtawala aliyekuja aliingia nyumba ya aliyemtangulia. Majengo mazuri tunayoyapiga picha ni nyumba zilizorithiwa, na mwananchi aliyesimama nje alibadilishiwa mtu wa kumwogopa tu.

Kuna jambo moja katika historia hii lililonikalisha chini kabisa, kwa sababu ya herufi yangu. Mkwawa alipokufa, Wajerumani walimkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Vita ilipokwisha, mataifa yalikaa Versailles mwaka 1919 kuandika mkataba wa amani, na ndani ya mkataba ule mkubwa kuna kifungu cha 246 kinachosema Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita! Fuvu lilirudi tarehe 19 Juni 1954. Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe mji wa Bremen, akachagua moja kati ya mafuvu yaliyokuwa kwenye makumbusho ya huko, kwa kuyapima na kulinganisha na vichwa vya ndugu. Wapo wataalamu wanaotilia shaka hadi leo kama lilikuwa lenyewe. Lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Spika wa Bunge letu wakati linakaa Ukumbi wa Karimjee.

Nilifunga daftari nikakaa barazani. Mtu aliyelitikisa jeshi la Kaizari, na karatasi ya mataifa makubwa inasema arudishwe, alisubiri miaka 35 na bado ilibidi athibitishwe kuwa yeye ndiye yeye. Mimi nilikuwa nimesubiri miezi mitatu. Sijifananishi naye, msinicheke. Ila nilielewa kwamba kilichonipata dirishani ni kitu cha siku nyingi. Tangu boma liwe boma, mtu wa huku ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na anayekosea kuandika hatakiwi kuthibitisha chochote.

Usiku nilimpigia mama. Nilitaka kumwambia nasitisha masomo, nirudi nimsaidie shamba, tujipange mwaka unaofuata. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno. Mama akanikatiza.

“Ushahidi wanaoutaka ni upi hasa?”

“Karatasi yoyote ya serikali ya zamani yenye jina la baba sawasawa, mama. Kitambulisho chake kilipotea, wewe unajua.”

Akanyamaza sana mpaka nikaangalia kama simu imekata. Halafu akasema, “Ipo. Cheti cha ndoa.”

Sikuwahi kujua kama kipo. Nilijua tu kwamba baba alikuwa Mwislamu na mama ni Mlutheri, na kwamba nyumbani Idi tunakula na Krismasi tunakula. Ndoa yao haikuongelewa. Mama akanieleza usiku ule kwenye simu, dakika zangu zikiisha ananipigia yeye. Upande wa baba walitaka shehe. Upande wa mama walitaka mchungaji. Kila upande ukasema bila hivyo hatuji. Basi wale wawili wakaenda bomani, pale Njombe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu, mradi kusudio la ndoa litangazwe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi alilete. Tangazo likabandikwa ukutani, majina yao mawili, kila mpita njia ayaone. Kwa mji mdogo wa wakati ule, mama alisema, ilikuwa kama kuanikwa.

“Bibi yako hakuja siku ya ndoa,” mama akasema. “Lakini alikuja kabla. Sikujua, niliambiwa baadaye na mtu wa pale. Alishuka mjini peke yake, akasimama mbele ya ule ubao, akamwomba kijana mmoja amsomee. Yule kijana akasoma. Bibi yako akasema, soma tena herufi moja moja. Akasomewa jina langu, akasomewa na la baba yako. Alipolizika akaondoka.”

Mama alisema hivyohivyo, “alipolizika”, akimuiga mama yake, tukacheka wote wawili, halafu nikashindwa kuendelea kucheka.

Maana yake ni kwamba yule bibi asiyejua kusoma, asiyetofautisha L na R mdomoni, aliyekuwa amekataa ndoa yenyewe, ndiye mtu pekee katika habari hii nzima aliyekwenda bomani kuhakikisha kwamba jina la baba yangu limeandikwa sawasawa. Karani msomi hakufanya hivyo. Mimi mwenyewe na kidato changu sikufanya hivyo. Cheti cha kifo kilikaa ndani ya Biblia miaka minne, na mimi naweza kusoma.

Mama alisafiri nacho mwenyewe, hakutaka kukituma kwa basi. Tulikwenda kwa wakili tukaandika hati ya kiapo, tukaambatanisha cheti cha ndoa na cheti changu cha kuzaliwa, nakala zikagongwa mihuri. Ilichukua muda, sitawadanganya. Mwaka wa kwanza wote nilisoma kwa fedha ya viazi na ya miti sita ya parachichi, na kuna wiki ambazo watu wa chumba changu walinilisha bila kunitangaza. Mungu awabariki. Mwaka wa pili majina yakafanana, na Ijumaa moja simu yangu nayo ikalia.

Siku ile mama alipokuja na cheti tulikuwa na saa tatu kabla ya basi lake. Nikampeleka kwenye Boma. Alisimama nje akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa. “Ndilo hili lililoandikwa kwenye cheti, Mkoa wa Iringa?” Nikamwambia mkoa ulikuwa na ofisi nyingi, ila ndiyo, kwa miaka mingi watu walipoogopa Iringa waliogopa mahali kama hapa. Akamsalimia mlinzi, “Kamwene.” Yule mzee akaitikia kwa furaha, wakaulizana habari za mvua na za mahindi. Tukaingia. Mama alipita chumba kwa chumba, aliangalia vyungu na mikuki kwa heshima, lakini alichokaa nacho sana ni ukuta. Aliuwekea kiganja. “Ni mnene,” akasema. “Ukiita huku nje hawakusikii.” Halafu akakaa barazani, akatoa chapati alizobeba, tukala pale hadi muda wa basi.

Nilipokwenda fildi mwaka huu nilifundisha kidato cha tatu mada ya utawala wa kikoloni. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo hata hapa chuoni tunalirushiana: Je, wakoloni si walitujengea? Mbona majengo yao bado yamesimama na ya kwetu yanapasuka? Zamani ningempa majibu ya kwenye mtihani, kwamba walijenga kwa manufaa yao, hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku hiyo nikawaambia wachore jengo lolote la serikali wanalolijua, halafu waandike pembeni: nani alisimama nje, nani alikaa ndani, na kati yao kulikuwa na nini. Karibu nusu ya darasa walichora dirisha dogo. Hakuna aliyechora baraza. Tukaongea vipindi viwili. Nikawaeleza kuwa jengo imara ni jengo imara na hatuna haja ya kulionea wivu wala kulibomoa. Swali ni mlango wake unafanya nini. Boma la Iringa limesimama zaidi ya miaka 110, na mlango ule ule uliokuwa unamezea watu leo unamruhusu mama wa Ramadhani kuingia bila karatasi na kula chapati. Hilo halikuletwa na kuta. Kuna watu walikaa wakaamua. Na nyinyi, niliwaambia, baadhi yenu mtakaa upande wa ndani wa dirisha. Mtaandika majina ya watu.

Kabla sijamaliza, nina neno na wenzangu wa mwaka wa kwanza mnaosoma gazeti hili la serikali yetu ya wanafunzi. Jumamosi hii fungueni bahasha zenu. Kaeni na vyeti vyote, cha kuzaliwa, vya shule, na cha mzazi kama ameshatangulia, msome herufi moja moja kwa sauti. Ikiwezekana mpigie simu mtu mzima wa nyumbani umsomee. Asipolidhika, soma tena.